Neno "Mswahili" Katika Vilima Vyetu

Maneno ya dawati la uhusiano kati ya polisi na wananchi, mbele ya wazee wa vilima, viongozi wa dini na kamati za usalama za Mwakiro



Tumeombwa kuzungumza juu ya utamaduni, tofauti za watu na mabadiliko ya siku hizi. Mada hiyo ni pana kama mto Ruvubu wakati wa masika, na mtu akijitosa katikati bila kushika kitu atachukuliwa na maji. Sisi tumeamua kushika neno moja tu, ambalo kila mmoja wenu amewahi kulitamka, kwa wema au kwa ubaya, na ambalo tunalisikia kituoni mara nyingi kuliko tungependa. Neno hilo ni Mswahili.

Tuanze na shauri moja, bila kutaja kilima wala majina, kwa kuwa wahusika wote wako hai na bado wanateka maji katika chemchemi moja.

Mbuzi jike alitoweka. Asubuhi yake majirani wakakusanyika, kama ilivyo desturi, na katika mkusanyiko huo alisimama kijana aliyekuwa amerejea kutoka Tanzania pamoja na mama yake majuma machache tu yaliyopita. Alizaliwa huko, akasoma huko, na Kirundi chake kilikuwa cha kumwelewa mama, si cha kusema mbele ya watu. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alitaka kusaidia. Akaeleza kwa Kiswahili kwamba jioni iliyotangulia, giza likianza kuingia, alikutana na mtu akimswaga mbuzi yule kuelekea barabara kuu. Mtu hakumtambua, lakini mbuzi alimtambua kwa doa jeupe la usoni. "Nilikuwa na shaka na yule mbuzi," akasema.

Ninyi mnaojua lugha zote mbili mmekwisha kuona mahali jiwe lilipo. Katika Kiswahili shaka ni wasiwasi, ni kutokuwa na hakika. Katika Kirundi gushaka ni kutaka. Wazee kadhaa waliokuwa pale walimsikia kijana mgeni akikiri hadharani kwamba alikuwa akimtaka mbuzi wa watu. Mmoja akamwuliza kwa Kirundi, "Warashaka?" Naye, akidhani anaulizwa kama kweli alikuwa na wasiwasi, akajibu, "Ndiyo, sana."

Kufika saa sita mchana aliletwa kituoni, mikono imefungwa kwa kamba ya mgomba. Hakupigwa, na kwa hilo tunawashukuru wazee waliomzunguka njia nzima. Walikuwa na haki pia kulileta shauri kwetu badala ya kulimaliza wenyewe, kwani baraza la wazee wa kilima, ambalo sheria ya mwaka 2021 ililirudishia nafasi yake, kazi yake ni kusuluhisha mashauri ya kiraia. Wizi si mojawapo. Lakini umati uliokuwa nyuma yao ulikuwa na maelezo ya kesi nzima katika maneno matatu, na maneno hayo yaliingia kituoni kabla ya mtuhumiwa: "Ni Mswahili huyo."

Aliyelifumbua jambo hakuwa askari wala mzee. Alikuwa mama muuza vitenge, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akienda Kobero na kuvuka hadi Kabanga kwa biashara yake, na siku hiyo alikuja kutoa taarifa ya kitambulisho kilichopotea. Alisikiliza, akacheka, kisha akanyamaza alipoiona ile kamba. Akaeleza neno kwa neno. Kamba ikafunguliwa. Baada ya muda ikajulikana kwamba mbuzi aliuzwa na mtoto wa mwenye mbuzi, aliyekuwa akitafuta nauli ya kwenda Tanzania kulima vibarua. Hivyo kijana mmoja alifungwa kwa sababu ametoka huko, na mwingine alikuwa njiani kwenda huko, ambako bila shaka, na hapa tunalitumia neno kwa Kiswahili, ataitwa Mrundi kwa sauti ileile ambayo mwenzake aliitiwa Mswahili.

Mtaona kwamba katika shauri hili hapakuwa na mtu mbaya aliyetaka kumwonea mwingine. Mzee aliyeuliza aliuliza vizuri. Kijana alijibu kwa ukweli. Lugha hizi mbili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, na ndugu ndio wanaochanganyana nguo. Kama zingekuwa mbali, kama Kirundi na Kifaransa, kila mtu angejua kwamba hajaelewa na angeomba mfasiri. Hatari iko pale mtu anapodhani ameelewa. Mifano ni mingi. Kirundi husema kwiga, yaani kujifunza. Kiswahili husema kuiga, yaani kufuata matendo ya mwingine, hata ya tumbili. Kirundi kina gusoma, ambayo ni kusoma kitabu, lakini pia ni kunywa kidogo kidogo, na pia ni kubusu. Basi binti aliyekulia ng'ambo akiwaambia wakwe zake kwamba anachokipenda kuliko vyote ni kusoma, na mkwe mwenyewe ana mtungi wa urwarwa mbele yake, furaha inaweza kuzidi kipimo. Mnacheka, na ni vema. Ila mcheke mkikumbuka kwamba neno la namna hiyohiyo lilimfunga mtu mikono.

Sasa tuulize: kwa nini umati ulitosheka na neno Mswahili? Kwa nini neno linalotaja lugha likawa kama kosa la jinai?

Kwa sehemu, jibu liko katika historia, na historia hiyo inatuhusu sisi wenye sare kwa karibu. Kiswahili kilifika katika nchi hii kwa milango isiyopendwa. Mlango wa kwanza ulikuwa misafara ya wafanyabiashara kutoka upande wa Ujiji, waliotafuta pembe na watumwa. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia, na majeshi ya Rumaliza hayakupata kuitawala Burundi. Mlango wa pili ulikuwa wakoloni wa Kijerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Hao walileta askari wenye bunduki waliokuwa wakipewa amri na kutoa amri kwa Kiswahili. Baada ya mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903, uliomlazimisha Mwezi Gisabo kuitambua serikali ya Kijerumani, sauti hiyo ilisikika zaidi vilimani, na mwaka 1912 makao ya utawala yakahamishiwa Gitega. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walikuta lugha ya soko na ya amri ikiwa ni hiyohiyo.

Kwa hiyo mwananchi wa kilimani alikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mtu aliyetaka kumnunua, au aliyetaka kodi, au aliyetaka mgongo wake ubebe mzigo. Kirundi kikamwita mwanajeshi umusirikare, neno lililotokana na Kiswahili, serikali. Kazi yetu sisi, askari wenzetu mnaosikiliza huko nyuma, ilifika hapa ikizungumza lugha ambayo leo baadhi yetu tunaitumia kama alama ya mtu wa kutiliwa mashaka. Tulilionelea jambo hili linafaa kusemwa waziwazi na wenye sare kabla halijasemwa na mwingine.

Kisha ikaja mitaa. Gitega na Muyinga mjini zina mitaa iitwayo ya Waswahili hadi leo, na Bujumbura ina Buyenzi. Waliokaa humo walikuwa wachuuzi, mafundi, wapagazi wa zamani, watoto wa askari, wengi wao Waislamu, wasio na shamba wala ng'ombe. Katika nchi ambayo heshima ya mtu ilipimwa kwa ardhi na mifugo, mtu anayeishi kwa maneno na mizani alionekana hana mizizi. Tangu hapo Mswahili likawa jina la mtu mjanja, mwenye kukuuzia kilo ya gramu mia tisa. Wala tusidhani ni sisi tu. Hata Tanzania, kwenye lugha yenyewe, mtu huambiwa "acha uswahili wako" na watu wasiojua lugha nyingine yoyote, na maana yake ni kwamba aache ujanja na maneno mengi. Lugha imebebeshwa mzigo na watoto wake wenyewe.

Na bado imeingia katika kila nyumba. Mzee anayetuambia kwamba hajui Kiswahili amekwisha kutamka isoko, isabuni, igitabo, isaha na ishule kabla ya chai ya asubuhi. Maneno hayo yalipata uraia zamani. Watu waliokuja nayo ndio tunaoendelea kuwauliza wametoka wapi.

Watu wetu wenyewe walipotoka, nao walirudi nayo. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania na kupewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko watoto walisoma shule za Kitanzania, kwa Kiswahili. Miaka mingi baadaye walipoulizwa wanataka nini, wengi walichagua kubaki, na zaidi ya watu 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania; wengine, makumi ya maelfu, walirejea kuanzia mwaka 2008. Wale wa wimbi la baada ya 1993 walirejea kwa nyakati mbalimbali, na mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila ilifungwa. Tangu 2015 wengine walikwenda Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na tangu 2017 wamekuwa wakirudi kwa makundi. Kirundi kinawaita abahungutse, waliorejea, na jina hilo ni zuri. Lakini mtu wa miaka ishirini aliyezaliwa Kigoma hajarejea popote. Amekuja. Mama yake ndiye amerejea, na nyumba moja ina watu wawili waliofika kwa vitenzi viwili tofauti.

Mzee wa Kirundi cha zamani humsalimu mwenzake "Amashyo," akimtakia mifugo mingi, naye hujibiwa "Amashongore." Leo salamu hiyo hutolewa na watu ambao pengine hawana hata ndama mmoja, na hakuna anayewaambia kwamba wanadanganya. Kijana aliyekulia Tanzania humwambia mzee "Shikamoo," ambayo chimbuko lake ni kushika miguu ya mkubwa, ingawa hakuna anayeinama kuishika. Salamu zote mbili zinataja kitu kisichokuwapo tena ili kutoa heshima iliyopo. Ila mzee asiyeijua shikamoo hajibu marahaba, na kijana huondoka akisema wazee wa huku wana majivuno. Kijana naye hunyoosha mkono mmoja peke yake, bila kugusa mkono wa kulia kwa wa kushoto kama adabu yetu inavyotaka, na mzee huondoka akisema watoto wa kambini hawakulelewa. Kila mmoja ameheshimu kwa sarafu ambayo mwenzake hana pa kuibadilishia.

Tumewahi kuambiwa na watu wenye nia njema kwamba dawa ni kila mtu kurudi katika utamaduni wa asili, na kwamba wanaokuja na lugha za nje wanauharibu. Tunaomba tutofautiane nao kidogo. Tutazame ngoma. Katika Kirundi ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Neno ni moja, kwa kuwa zamani kitu kilikuwa kimoja. Ngoma za Gishora, karibu na Gitega, zilipigwa kwa ajili ya mwami na mambo ya mwami. Ufalme ulikwisha mwaka 1966. Ngoma haikwisha: ikahamia sikukuu za taifa, mapokezi ya wageni, harusi, majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2014 UNESCO ikaiandika katika urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais ikaweka masharti ya nani aruhusiwe kuipiga na kwa idhini gani, na wanawake, ambao baadhi yao walikuwa wameanza kupiga, wakakatazwa. Hatukuja hapa kuijadili amri hiyo. Kazi yetu ni kusimamia sheria. Tunalosema ni kwamba ndani ya umri wa mzee mmoja, kitu tunachokiona ndicho cha asili kuliko vyote kimebadilisha mwenye kupigiwa, mahali pa kupigiwa na masharti ya kupigwa, na hakuna Mswahili hata mmoja aliyehusika.

Mabadiliko mengine tunayaona kwa kutazama njiani tu. Tulizoea kusema sisi ni wa mkoa wa Muyinga. Tangu mageuzi ya utawala yalipoanza kutekelezwa mwaka 2025, mikoa 18 imekuwa 5 na tarafa 119 zimekuwa 42, na nchi ya Muyinga, Cankuzo na Ruyigi sasa ni mkoa mmoja wa Buhumuza. Watu wanakuja kituoni wakijitambulisha kwa mipaka ya zamani, nasi tunawaelewa. Hatujamwambia hata mmoja kwamba kwa kutojua jina jipya amekuwa mgeni. Tunaomba subira hiyohiyo itolewe kwa mtu aliyechelewa kujifunza jina la zamani.

Na hali ya lugha yenyewe imegeuka. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimekuwa somo shuleni. Si lugha rasmi ya nchi. Sheria ya mwaka 2014 ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Lakini mtoto wa kilimani anapewa alama kwa sababu ya lugha ambayo babu yake aliifanya tusi. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tumeona, katika siku kama hizo, watu walewale wakipiga makofi asubuhi kusifu lugha, na jioni wakimwonya binti yao asiolewe na kijana kwa kuwa ni Mswahili. Hapo watu wameipenda lugha bila wenye kuisema.

Ni haki pia kusema upande wa pili, kwani hatukuja kuwatetea watu kwa kuwa ni wageni. Baadhi ya waliorejea wana dharau yao. Wanawaita wenyeji washamba. Wanacheka Kirundi cha vilimani mbele ya wenye nacho. Wako wanaokaa miaka mitatu bila kujiandikisha kwa mkuu wa kilima, na siku wakiibiwa wanashangaa kwamba hakuna anayewajua. Wengine hutumia Kiswahili makusudi sokoni ili muuzaji wa mharage asielewe wanachopatana. Mtu anayetaka kuaminiwa ana wajibu wa kueleweka, na Kirundi ndicho kinachotuunganisha nchi nzima, jambo ambalo mataifa mengi ya Afrika hayana. Tunawaomba mkijifunze, na tunawaomba wenyeji wasiwacheke mnapokosea, kwani anayechekwa hunyamaza, na aliyenyamaza haendelei kujifunza wala hatoi taarifa kituoni.

Ipo pia simu. Zamani neno baya lilitembea kwa miguu na lilichoka kabla ya kufika kilima cha tatu. Sasa mtu anarekodi sauti yake, "jihadharini, kuna Waswahili wanazunguka usiku," na kabla ya chakula cha jioni sauti hiyo imefika Gasorwe, ambako iko kambi ya ndugu zetu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, na imefika kwa vijana waliokesha na marungu. Tunawaomba neno moja tu: mkituma taarifa, tajeni mlichokiona. Watu wangapi, saa ngapi, wakifanya nini, wakielekea wapi. Lugha waliyokuwa wakizungumza tutaiuliza baadaye, ikiwa itahitajika.

Tukija kwa upande wetu, tusiishie kuhubiri. Polisi ya Taifa iliyopo leo ilizaliwa mwishoni mwa 2004 kutokana na makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000. Ndani yake waliingia waliokuwa polisi, waliokuwa jandarma na waliokuwa msituni. Na Katiba ikaweka kwamba katika vyombo vya ulinzi na usalama kabila moja lisizidi asilimia 50. Watu waliowahi kuwindana walilala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja. Haikuwa kwa sababu walipendana tangu siku ya kwanza. Palikuwa na orodha ya zamu, na mtu aliyetakiwa kukesha langoni alikesha na yeyote aliyepangiwa. Tunaamini kwamba kanuni ndogo iliyoandikwa, inayofuatwa kila siku hata na asiyeipenda, imefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi, hii ikiwemo.

Ndiyo maana tunawaletea kanuni ndogo, na askari wenzetu wanazisikia pamoja nanyi ili mtusimamie.

Mtu anayefika au kuletwa kituoni atasema kwa lugha anayoijua vizuri. Hilo si fadhila yetu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi iliukubali mwaka 1990, unampa anayeshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa, na kupata mfasiri bila malipo mahakamani ikiwa haielewi lugha inayotumika. Sisi tunaona kwamba haki hiyo ikianza mahakamani imechelewa. Maelezo ya kwanza yakiandikwa vibaya, hakimu atasoma makosa yetu kwa mwandiko mzuri. Kwa kuwa maelezo huandikwa kwa Kifaransa au Kirundi, neno ambalo kesi inalitegemea litaandikwa pia kama lilivyotamkwa, kwa lugha iliyotamkiwa, ndani ya alama za kunukuu. Kisha maelezo yatasomwa kwa sauti mbele ya aliyeyatoa, kwa lugha yake, kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Itachukua robo saa zaidi. Tunayo robo saa.

Neno Mswahili halitapokelewa kama maelezo ya mtu. Mtu ana jina, urefu, nguo, kovu, njia aliyopita. Mleta taarifa akisema "Mswahili mmoja," ataulizwa, kwa upole, alichokiona ni nini. Kama hakuna zaidi, basi hakuna taarifa.

Mfasiri asitoke katika nyumba ya mlalamikaji wala ya mlalamikiwa. Hapa tunahitaji msaada wenu. Walimu wa Kiswahili wapo, lakini wako darasani saa tunazowahitaji. Watu wanaojua lugha hizi mbili kwa undani, zikiwa na mitego yake yote, ni akina mama wa biashara ya mpakani, madereva, mafundi waliofanya kazi Ngara na Kibondo, na hao hao waliorejea. Tumezoea kuwaona kama watu wa kuulizwa vitambulisho. Tungependa kuanza kuwauliza maana ya maneno. Wazee wa kila kilima watusaidie kupata majina mawili, na moja kati ya hayo liwe la mwanamke, kwa kuwa yako mambo ambayo mama hatayasema kupitia kinywa cha mwanamume hata kama lugha inatosha.

Liko swali ambalo hatujalipatia jibu, na tungependa kulisikia kutoka kwenu badala ya kujifanya tunalijua. Wazee wa baraza husikiliza shauri kwa Kirundi, na uzito wa maneno yao uko katika methali na mafumbo ambayo hayafasiriki kirahisi. Mtu aliyekulia Kiswahili akisimama mbele yao na mfasiri pembeni, je, bado anasikilizwa na wazee, au anasikilizwa na mfasiri? Wako wazee waliotuambia kwamba shauri likifasiriwa linapoa kama uji. Wako vijana waliotuambia kwamba bila kufasiriwa hawatakuja kabisa, watakwenda moja kwa moja mahakamani, ambako watagharamika na kurudi wakiwa maadui wa jirani zao.

Wazee, tungeanza nanyi. Kisha wasemaji wawili wa upande wa waliorejea, kwa lugha wanayoitaka. Mama wa vitenge, ambaye amekubali kukaa nasi hapa mbele, atafasiri kwenda na kurudi.